Gari la milango miwili lisije likawa kupe wa mtaji

Katika foleni ya magari madogo pale Namanga, Busia au Mutukula, sura ni zilezile kila siku. Kuna Probox iliyojaa mabunda ya vitenge hadi darini, kuna Noah iliyong'olewa viti ili magunia ya maharage yapate nafasi, na kuna Premio ya mtu aliyekuja kukagua mzigo wake tu. Mara mojamoja hupita gari la namna nyingine: fupi, la chini, milango miwili, paa limeteremka kuelekea nyuma. Wabadilisha fedha hugeuza shingo. Vijana wa bodaboda huuliza bei.

Gari la namna hiyo wauzaji huliita "coupe". Likitamkwa Kiswahili jina linakuwa kupe, na mafundi wa gereji hawakosi utani hapo, maana kupe anayejulikana zaidi ni yule anayenyonya damu ya ng'ombe.

Mfanyabiashara aliyekaa miaka kumi kwenye gari la mizigo ana haki ya kutamani gari la kumfurahisha mwenyewe. Kosa haliko kwenye tamaa hiyo. Maswali ya kujiuliza ni mawili. Je, gari hilo litampa raha tangu Jumatatu hadi Jumamosi, au ni la kutembelea Jumapili tu? Na siku mtaji utakapohitajika ghafla, litageuka fedha kwa muda gani?

Raha huanzia kwenye kiti

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwenye gari la milango miwili huinama kila anapoingia na kila anapotoka. Kiti kiko chini, karibu na sakafu. Kwa kijana haina neno. Kwa mtu mwenye mgongo unaouma, au mama aliyevaa gauni refu la kitenge, safari ya kusimama benki, dukani, kwa wakala wa forodha na sokoni ina maana ya kuinama mara kumi kabla ya saa sita mchana.

Kwa hiyo mnunuzi asianze na injini. Aanze kwa kuingia na kutoka mara tano mfululizo pale yadi, akiwa na nguo anazovaa kazini. Kisha akae dakika ishirini bila kushuka. Kiti kizuri hushika mapaja na kiuno bila kubana, na usukani husogezwa juu na chini, mbele na nyuma, mpaka mikono ipumzike.

Mlango nao una habari yake. Gari la milango miwili huwa na milango mirefu. Kwenye maegesho ya kubanana ya Kariakoo au Gikomba, mlango huo haufunguki wote, na dereva hulazimika kujipenyeza kwenye upenyo mdogo. Gari huwa fupi lakini linadai nafasi ya pembeni.

Kuhusu kiti cha nyuma, ukweli usemwe mapema. Katika mengi ya magari haya, kiti hicho ni cha mtoto, mkoba au sampuli za bidhaa. Mkwe hapandishwi huko. Anayebeba familia au wateja kila wiki achague gari lenye viti vinne vya kweli, au aache kabisa wazo la milango miwili.

Tumbo la gari na unene wa tairi

Barabara kuu za ukanda huu zimeboreshwa sana, lakini kila kijiji kina matuta yake, na vituo vingi vya mafuta vina mfereji mahali pa kuingilia. Hapo ndipo sentimita moja au mbili hugeuka gharama.

Toyota 86, gari la milango miwili ambalo ni ndugu wa Subaru BRZ, lina nafasi ya milimita 130 kati ya tumbo na ardhi kwa vipimo vya Japani. Premio ya kawaida ina milimita 160. Tofauti ni milimita 30, sawa na upana wa vidole viwili. Likipanda mtu wa pili na mizigo kwenye buti, springi hukaa na nafasi hiyo hupungua zaidi. Tuta ambalo Premio hulivuka bila dereva kufikiri, 86 huliendea kwa pembeni, taratibu, tairi moja kwanza.

Tairi lina mchango mkubwa kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Toleo la 86 linalopendwa kwa sura huvaa tairi za 215/45 kwenye rimu za inchi 17. Namba 45 ina maana kwamba ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya upana wake, yaani milimita 97 hivi. Matoleo ya bei nafuu ya gari hilohilo yalitoka kiwandani Japani na tairi za 205/55 kwenye rimu za inchi 16. Ukuta wake ni milimita 113. Mpira huo wa ziada, milimita 16, ndio unaomeza shimo kabla halijafika kwenye rimu, shokapu na kiuno cha dereva. Vilevile tumbo la gari hupanda kwa milimita tatu hivi.

Kwa anayeendesha kila siku, toleo la rimu ndogo ndilo toleo bora, na mara nyingi ni la bei ya chini kwa sababu wengi hawalitaki. Apite mbali na gari lililoshushwa springi au kuvalishwa rimu za inchi 18 na 19 ambazo halikutoka nazo kiwandani. Pia afungue buti na kuuliza tairi la akiba. Magari mengi ya aina hii hubeba kopo la dawa ya kuziba pancha peke yake, na mengine huvaa tairi zinazoweza kutembea kidogo bila upepo. Tairi likichanika usiku kati ya miji miwili, kopo halisaidii.

Injini, mwinuko na foleni

Wauzaji hutaja nguvu za farasi. Kwa matumizi ya kila siku kuna namba nyingine yenye faida zaidi: nguvu ya kuvuta na mizunguko ya injini ambapo nguvu hiyo hupatikana. Toyota 86 ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ina farasi 200 hivi na niutonimita 205, lakini injini lazima izunguke zaidi ya mara 6,000 kwa dakika ndipo nguvu yote itoke. Maana yake ni kwamba kulipita lori mlimani kunataka gia ishushwe na injini ipige kelele. Mrithi wake, GR86 ya tangu 2021, ina injini ya lita 2.4 inayotoa niutonimita 250 kwenye mizunguko 3,700. BMW 220i ya milango miwili, yenye turbo, hutoa niutonimita 270 hata kabla ya mizunguko 1,500.

Mwinuko unazidisha jambo hilo. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Nairobi iko juu kwa mita 1,700 hivi, kwa hiyo karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi haipo. Ukipita Timboroa kuelekea Malaba, barabara inapanda hadi takriban mita 2,700. Turbo husaidia kurudisha sehemu ya hewa hiyo. Dereva wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuridhika na injini ambayo wa Nairobi au Kigali ataiona mvivu.

Kuhusu gia, foleni ndiyo mwamuzi. Gia za mkono zina raha yake kwenye barabara tupu, lakini mguu wa kushoto hulia kwenye foleni ya saa mbili. Otomatiki ya kawaida, kama ile ya gia sita ya Toyota 86, huvumilia joto na mwendo wa kusimama na kuondoka. Otomatiki zenye klachi mbili kavu ni nyepesi na hubana mafuta, lakini hazipendi kusukumwa polepole juani kwa muda mrefu, na ukarabati wake unahitaji fundi mwenye kompyuta ya kupimia. Mnunuzi aulize kwanza kama fundi huyo yuko mjini kwake.

Mafuta pia yaulizwe. Toyota 86 na Mazda Roadster kwa soko la Japani zilipangiwa petroli ya oktani ya juu. Honda CR-Z ilipangiwa ya kawaida. Kwenye safari ya mpakani ambako kituo kina aina moja tu ya petroli, tofauti hiyo si ndogo.

Yanayopatikana na yanayomfaa nani

Toyota 86 na Subaru BRZ ndizo rahisi zaidi kuzipata Japani. Vipuri vya injini vinahitaji kuagizwa mara nyingi, lakini mfumo ni wa kawaida na viti vya nyuma hulala kutoa nafasi ya mabunda machache. Linamfaa anayesafiri peke yake kwenye lami.

Honda CR-Z, iliyotolewa kuanzia 2010 hadi karibu na mwanzo wa 2017, ina injini ya lita 1.5 ikisaidiwa na mota ya umeme. Ni la mafuta kidogo na tairi zake za 195/55 za inchi 16 zina ukuta wa kutosha. Tahadhari ni betri kubwa. Matoleo ya mwanzo yana betri ya nikeli, na yale ya kuanzia mwisho wa 2012 yana ya lithiamu. Lisinunuliwe bila betri kupimwa, kwa sababu akiba yote ya mafuta inaweza kuishia hapo.

Mazda Roadster, inayojulikana pia kama MX-5, ni nyepesi, karibu tani moja tu, na huendeshwa kwa raha kubwa. Lakini ina viti viwili na buti la lita 130. Hilo ni begi moja na nusu. Kwa mfanyabiashara, ni gari la pili, kamwe si la kwanza.

BMW ya mfululizo wa 2 yenye milango miwili, ya 2014 hadi 2021, ndiyo inayokaribia gari la kawaida zaidi: viti vinne ambavyo watu wazima hukaa kwa safari fupi, na buti la lita 390. Audi TT ina buti la lita 305 lakini kiti cha nyuma ni cha jina tu. Magari haya ya Ujerumani ni tulivu barabarani. Gharama yake huja baadaye, kwenye vipuri na huduma, na anayeishi mbali na mji mkubwa ataisikia mapema.

Umri na ukubwa wa injini

Bei ya mnada wa Japani ni mwanzo tu wa hesabu. Kila nchi ina mlango wake.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo CR-Z haiwezi tena kuagizwa huko, na zilizopo ni zile zilizokwisha kuingia. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilifunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi tangu kutengenezwa, na yanayozidi miaka minane hulipa tozo ya mazingira. Tanzania haifungi mlango, ila hutoza uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka kumi.

Mfano wa Tanzania unaonyesha uzito wa jambo hili. Chukua kila dola 100 za thamani ya gari likiwa bandarini, kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 25. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 ni dola 6 na senti 25. VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo ni karibu dola 24. Kodi yote inafika dola 55. Gari hilohilo likiwa limepita miaka kumi, uchakavu na VAT yake vinaongeza dola 44, na kodi inafika 99. Bei yenyewe imejirudia.

Ukubwa wa injini nao una mpaka wake. Toyota 86 ya kwanza ina sentimita za ujazo 1,998, chini kidogo ya 2,000. GR86 ina 2,387, na ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 5 hadi 10. Kodi kwa kila dola 100 inakuwa 62 badala ya 55.

Kuna tozo nyingine ndogo na gharama za usajili, na viwango huguswa na bajeti za kila Juni. Zaidi ya hayo, mamlaka za mapato hutumia thamani zao zenyewe, si ankara ya muuzaji. Tanzania ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, na Kenya ina orodha ya bei za KRA. Hesabu ifanywe huko kabla ya dola moja kutumwa.

Usukani na mpaka

Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Congo na Sudan Kusini huendesha kulia. Anayevuka Rusumo kuingia Rwanda hubadili upande wa barabara, lakini usukani wake unabaki palepale. Katika gari la chini lenye usukani wa kulia, dereva aliye peke yake nyuma ya lori haoni kinachokuja mpaka awe ametoa karibu gari zima kwenye njia ya pili. Gari refu la juu husaidia kidogo. Gari la milango miwili halisaidii hata kidogo. Nidhamu pekee ni kukaa nyuma ya lori kwa umbali na kusubiri mahali palipo wazi.

Soko nalo limegawanyika hivyohivyo. Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari madogo ya usukani wa kulia, kwa hiyo anayefikiri kwamba gari lake la Dar es Salaam atalimalizia Kigali atakwama. Wanyarwanda hutafuta usukani wa kushoto, mara nyingi kutoka Ulaya au Dubai. Katika yadi za Dubai na Sharjah kuna magari yaliyoanza maisha Marekani na kuuzwa baada ya ajali, kwa hiyo historia itafutwe kwa namba ya chesisi.

Hata kati ya nchi zenye usukani mmoja, gari halivuki na kuuzwa kama gunia la mahindi. Huingia kwa kibali cha muda chenye siku zilizoandikwa. Siku zikipita ni faini, na kuliuza bila kulipia kodi za nchi hiyo ni kosa la forodha. Bima ya nyumbani pia huishia mpakani. Kadi ya Njano ya COMESA, inayotumika pia Tanzania, hulinda watu wengine watakaopata madhara. Gari la mwenye kadi halimo, isipokuwa amekata bima ya ziada.

Karatasi ya mnada

Magari ya aina hii huvutia vijana wapenda mbio huko yanakotoka, na baadhi yamepigwa na kunyooshwa. Karatasi ya mnada wa Japani husema mengi kwa herufi chache. Daraja 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa. R au RA ni gari lililowahi kukarabatiwa baada ya ajali. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni alama ya kunyooshwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anayekataa kuonyesha karatasi hiyo amekwisha kujibu swali.

Gari likiwa yadi za hapa, liinuliwe juu. Mikwaruzo mirefu chini ya bampa na kwenye bomba la moshi huonyesha namna lilivyovuka matuta. Kisha liendeshwe njia ileile ya kila siku, na watu wawili ndani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa: foleni, tuta, kona, mlima. Likikwaruza siku ya majaribio, litakwaruza kila siku.

Daftari kabla ya ufunguo

Probox iliyotunzwa huweza kupata mnunuzi ndani ya siku chache, kwa sababu kila soko lina mtu anayeihitaji. Gari la milango miwili humsubiri mtu mmoja anayelipenda, na huyo huweza kuchukua miezi. Mzigo ukikwama forodhani na fedha zikihitajika kesho, mwenye gari hilo atauza kwa bei ya mwenye shida.

Kwa hiyo kipimo cha mwisho ni cha daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Gari la namna hii linunuliwe kwa faida iliyokwisha kutengwa, kamwe si kwa fedha za mzigo ujao wala mkopo uliowekewa duka dhamana. Mfanyabiashara aandike bei, kodi, bima ya mwaka, seti moja ya tairi na huduma mbili. Kisha ajiulize kama biashara itaendelea kununua mzigo uleule mwezi ujao.

Jibu likiwa ndiyo, achague injini ndogo ya umri mdogo, rimu ndogo, otomatiki ya kawaida, na karatasi safi. Likiwa hapana, Premio inaendelea kuvuka matuta bila kelele, na lile la milango miwili litakuwepo msimu ujao, likiwa limeshuka bei.